Maisha ya John Hanning Speke, Mtu Aliyechora Ziwa kwa Nukta Chache

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika jaribio la hesabu la katikati ya muhula huu nilipoteza alama sita katika kumi kwa ajili ya mstari mmoja tu. Swali lilikuwa la kuchora grafu. Mwalimu wetu hakutupa kanuni yenyewe. Alitupa thamani sita na vikomo vinne, akatutaka tuchore umbo la grafu kwa mkono. Thamani zilikuwa hizi: x ikiwa −3, y ni nusu; x ikiwa −1, y ni 0; x ikiwa 0, y ni −1; x ikiwa 2, y ni 3; x ikiwa 3, y ni 2; na x ikiwa 5, y ni moja na nusu. Vikomo navyo vilisema kwamba x ikienda mbali sana upande wa kulia, y hukaribia 1, na ikienda mbali sana upande wa kushoto, vivyo hivyo. Tena x ikikaribia 1 kutoka kushoto, y hushuka chini bila mwisho. Na ikikaribia 1 kutoka kulia, y hupanda juu bila mwisho.

Mimi niliziona zile nukta sita, nikafurahi. Nilizitia mahali pake barabara, kisha nikashika rula nikaunga nukta ya tatu na ya nne, yaani ile ya (0, −1) na ile ya (2, 3), kwa mstari mnyofu. Mstari huo ulipita juu ya x = 1 bila haya, mahali hasa ambapo grafu hukatika. Kwa haraka yangu sikuwa nimesoma vikomo mpaka mwisho. Mwalimu alitia msalaba mwekundu, wala hakuutia juu ya nukta, maana nukta zote zilikuwa sahihi. Aliutia juu ya mstari uliokuwa kati ya nukta.

Aliponirudishia karatasi hakunigombeza. Aliniambia niende maktaba nikasome habari za Bwana John Hanning Speke, kisha nirudi nimweleze bwana huyo naye aliunga nukta zipi. Nilidhani ananitania, kwa kuwa Speke ni mtu wa somo la historia. Lakini nilipomaliza kusoma niliona kwamba hakuwa ananitania hata kidogo, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika habari hizi.

Speke alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 katika nyumba iitwayo Orleigh Court, jimbo la Devon, kusini-magharibi ya Uingereza. Hakuwa mtoto wa kupenda vitabu. Alipenda zaidi kutembea mashambani na kuwinda. Mwaka 1844, akiwa na miaka 17, yaani umri wangu mimi sasa, alipelekwa India kuwa askari katika jeshi la Bengal. Huko alipigana katika vita vya Punjab. Kila alipopata likizo hakukaa kambini pamoja na wenzake, bali alikwenda katika milima ya Himalaya na mpaka Tibet, akiwinda na kuchora ramani za mahali alipopita. Ndiko alikojifunza kazi ya kupima nchi: kutazama jua na nyota kwa chombo cha kupimia pembe, kukadiria mwendo wa siku, na kuandika kila jioni yale aliyoyapata mchana, hata akiwa amechoka.

Mwaka 1854 alifika Aden, akaingia katika safari ya Bwana Richard Burton ya kwenda nchi ya Wasomali. Safari ile iliharibika. Mwezi wa Aprili 1855 kambi yao ilishambuliwa usiku karibu na Berbera. Mwenzao mmoja aliuawa, Burton alichomwa mkuki shavuni, na Speke alikamatwa, akafungwa, akachomwa mikuki mara nyingi. Alijinasua akakimbia mpaka pwani akivuja damu. Mtu mwingine angeiacha Afrika tangu siku ile. Yeye alipona, akaenda vita vya Crimea, na vita vilipokwisha akakubali mara moja Burton alipomwita tena.

Safari hii ya pili ilitumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, ili kutafuta maziwa ya bara, na kama ingewezekana, chanzo cha mto Nile. Yafaa nieleze walivyokuwa na ramani ya namna gani. Wamisionari wawili waliokaa pwani yetu, Rebmann na Erhardt, walikuwa wamewauliza wafanyabiashara wa misafara habari za bara. Mmoja aliyekwenda kusini alisema mwisho wa njia yake kuna maji makubwa. Mwingine aliyekwenda moja kwa moja magharibi alisema hivyo hivyo. Na aliyesikia habari za kaskazini naye alisema hivyo hivyo. Wamisionari wale wakayaunganisha maji yote, wakachora ziwa moja kubwa mno lenye umbo kama la kiwavi. Ramani ilichapishwa London mwaka 1856, watu wakaistaajabia.

Kwa kweli hapakuwa na ziwa moja bali matatu: Nyasa, Tanganyika, na hilo ambalo sasa huitwa Viktoria. Wafanyabiashara hawakusema uongo. Kila nukta waliyoitoa ilikuwa ya kweli. Kosa lilikuwa katika mstari uliounga nukta. Nilipofika hapo katika kitabu, niliukumbuka msalaba wangu mwekundu.

Burton na Speke walifika Unguja mwezi wa Desemba 1856, na katikati ya mwaka 1857 wakaondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, pamoja na wapagazi, askari wa Kibulushi na viongozi. Mmoja wa viongozi hao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, nami sitaki apitwe kwa haraka. Alizaliwa katika kabila la Wayao, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, na baada ya kupata uhuru wake akarudi Unguja. Kwa kuwa Speke hakujua Kiswahili vizuri, na wote wawili walijua Kihindustani, Bombay ndiye aliyekuwa sikio lake na ulimi wake. Baadaye Bombay aliongozana na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron aliyelivuka bara lote hili mpaka pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Alifariki mwaka 1885. Watu wachache sana wa karne ile, weusi kwa weupe, walikuwa wameitembea Afrika kwa miguu kama yeye.

Msafara ule ulipita Uzaramo, ukaingia nchi ya Wakutu, ukafika chini ya milima yetu ya Uluguru upande wa kusini. Walikaa Duthumi, nao wote wawili wakashikwa na homa kali. Kutoka hapo walikwenda Zungomero, katika uwanda wa mto Mgeta, ambapo misafara mingi ilikutana siku zile. Likizo iliyopita nilipita Duthumi kwa basi nikienda Kisaki kwa mjomba wangu. Nilikuwa nimepita njia hiyo mara nyingi bila kujua lolote. Safari ya basi huchosha, walakini ni ya siku moja. Wao walitembea mwezi mzima kutoka pwani mpaka hapo, na bado walikuwa mwanzoni tu.

Kutoka Zungomero walipanda milima ya Usagara, wakavuka Ugogo penye shida ya maji, na tarehe 7 Novemba 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya sasa. Huko tajiri mmoja Mwarabu, Snay bin Amir, aliwapokea kwa ukarimu, akawaeleza kwamba ziwa la wamisionari si moja bali ni matatu, na kwamba lile la kaskazini ni kubwa kuliko la Ujiji. Habari hii ilikuwa na thamani kuliko ramani yao yote.

Walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Ole wake Speke! Baada ya miezi yote ile macho yake yalikuwa yanauma kiasi kwamba hakuweza kuliona ziwa vizuri, ila ukungu mweupe mbele yake. Baadaye, alipokuwa katika safari ya kuvuka ziwa kwa mtumbwi, dudu iliingia sikioni mwake usiku. Alijaribu kuitoa kwa kisu akajiumiza, hata sikio hilo halikusikia tena kama zamani. Hata hivyo hakuacha kupima.

Hapa nataka kueleza alivyopima urefu wa nchi juu ya bahari, maana ni kazi ya grafu. Maji yakichemshwa pwani huchemka yakifika digrii 100. Ukipanda juu, hewa hupungua uzito, na maji huchemka mapema zaidi, karibu digrii moja kwa kila mita 300. Hapa Morogoro mjini, tulipo mita 500 hivi juu ya bahari, maji huchemka kabla ya kufika 99. Basi msafiri akiwa na birika, moto na kipimajoto kizuri, anaweza kujua amepanda kiasi gani: kila joto la kuchemka lina urefu wake mmoja. Jambo la namna hii, ambalo kila thamani moja ya kwanza hutoa thamani moja ya pili, ndilo tunaloliita fanksheni. Lakini ole wako kipimajoto kikiwa kibovu. Vipimajoto vyao vizuri vilikuwa vimevunjika njiani, na kile kilichobaki Ujiji kiliwapa futi 1,800 hivi kwa ziwa Tanganyika, hali ziko futi 2,500 na zaidi. Hivyo tunaona kuwa hata nukta yenyewe huweza kuwa na kosa, mbali ya mstari.

Waliporudi Tabora, Burton alikuwa mgonjwa, akataka kupumzika na kuandika. Speke aliomba ruhusa aende kaskazini kulitazama lile ziwa la Snay bin Amir. Aliondoka mwezi wa Julai 1858 pamoja na Bombay na watu wachache, na tarehe 3 Agosti, kutoka kilimani karibu na Mwanza, aliliona ziwa limetanda mbele yake na visiwa vyake. Alipima urefu wake juu ya bahari akapata futi 3,700 hivi, na safari hii hakukosea, kwani ndivyo ilivyo. Akawauliza watu mwisho wake wa kaskazini uko wapi, na hakuna aliyeweza kumwambia. Alikaa siku chache tu akarudi. Alikuwa ameona ncha ya kusini ya ziwa, wala hakuona zaidi. Lakini moyoni mwake alikuwa tayari amekwisha kuchora grafu nzima: kwamba ziwa ni moja, kwamba laenda kaskazini mbali sana, na kwamba mto Nile hutoka humo.

Alipomweleza Burton, Burton hakukubali. Alimwuliza ushahidi uko wapi, na swali hilo lilikuwa la haki. Tangu siku ile urafiki wao uliingia ufa. Lakini Burton naye hakuwa bila kosa. Yeye alitamani ziwa Tanganyika liwe ndilo chanzo cha Nile, na kwa ajili hiyo alitaka mto Rusizi utoke ziwani kwenda kaskazini. Walipofika Uvira watu wa pale waliwaambia wazi kwamba Rusizi huingia ziwani, wala hautoki. Burton alisikia, akahuzunika, na baadaye akaendelea kutumaini kinyume chake. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda wakauona mto kwa macho yao: unaingia. Hivyo mmoja alichora mstari pasipokuwa na nukta, na wa pili alichora mstari dhidi ya nukta aliyopewa.

Speke alitangulia kufika London mwezi wa Mei 1859, akatangaza habari zake kabla Burton hajafika. Jambo hilo Burton hakumsamehe. Chama cha Jiografia kilimpa Speke safari nyingine, aende kuthibitisha aliyoyasema. Mwenzake safari hii alikuwa James Augustus Grant, mtu mpole aliyejua India kama yeye. Waliondoka pwani mwezi wa Oktoba 1860, Bombay akiwa pamoja nao, wakafuata tena njia ya Wakutu chini ya Uluguru.

Safari ilikuwa ya taabu. Wapagazi wengi waliwakimbia, watawala walidai hongo, na njaa na vita viliwazuia miezi mingi katika Unyamwezi na Usui. Mwishoni mwa 1861 walifika Karagwe, ambako Mfalme Rumanika aliwapokea kwa wema mwingi. Grant akashikwa na kidonda kibaya cha mguu akabaki huko. Speke aliendelea peke yake, akiliona ziwa upande wa magharibi mara chache njiani, na mwezi wa Februari 1862 akafika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Alikaa huko hadi Julai kabla ya kupewa ruhusa ya kuendelea.

Tarehe 28 Julai 1862 alisimama penye maporomoko ambayo maji ya ziwa hutokea kuwa mto. Aliyaita Ripon. Leo maporomoko hayo hayaonekani tena, kwani yamezama tangu bwawa la Owen Falls lilipojengwa karibu na Jinja na kukamilika mwaka 1954. Grant hakuwapo siku ile. Speke alikuwa amemtuma njia nyingine kwenda Bunyoro. Kwa hiyo shahidi Mzungu alikuwa mmoja tu.

Kisha likaja kosa ambalo lilimletea matata makubwa. Mto alioufuata hupinda kwenda magharibi penye maporomoko ya Karuma. Kwa sababu ya vita katika nchi ile, Speke na Grant hawakuufuata upindo ule. Walikata moja kwa moja nchi kavu, na baada ya siku nyingi wakaukuta mto mkubwa mbele yao, wakasema ndio ule ule. Mwezi wa Februari 1863 walifika Gondokoro, wakamkuta Samuel Baker. Yeye aliposikia habari za upindo ule alikwenda kuutazama, na mwaka 1864 akafika ziwa jingine ambalo aliliita Albert, ambamo mto ule huingia na kutoka. Kumbe kati ya nukta mbili za Speke kulikuwa na ziwa zima ambalo hakuliona! Alikuwa amesikia habari zake, lakini kusikia si kuona.

Uingereza ilimpokea kwa shangwe mwaka 1863, na kitabu chake kikatoka mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Walakini shangwe haikudumu. Wataalamu walianza kuhesabu. Je, aliona pwani ya mashariki ya ziwa? Hakuiona. Je, alizunguka ziwa? Hakuzunguka. Je, aliufuata mto kutoka ziwani mpaka Gondokoro? Hakuufuata wote. Basi ajuaje kwamba maji aliyoyaona Mwanza mwaka 1858 na yale aliyoyaona Ripon mwaka 1862 ni ziwa moja, wala si maziwa mawili au zaidi? Burton alisema yamkini ni maziwa kadhaa. Na ukweli ni kwamba ramani ya Speke ilimpa adui silaha, maana alikuwa amechora pia milima ya umbo la kwato ya farasi kaskazini ya Tanganyika, akaiita Milima ya Mwezi, mahali ambapo hakufika wala hakupima.

Ikaamuliwa kwamba Burton na Speke wakutane mbele ya wataalamu katika mji wa Bath tarehe 16 Septemba 1864, kila mtu atoe hoja zake. Livingstone naye alikuwapo mjini. Siku moja kabla, tarehe 15 Septemba, Speke alikwenda kuwinda kware na binamu yake mashambani karibu na Corsham. Alipokuwa akipanda ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake ilifyatuka ikampiga ubavuni. Alifariki muda mfupi baadaye, naye alikuwa na miaka 37. Baraza la uchunguzi liliamua kwamba ni ajali. Asubuhi yake watu walikusanyika Bath kusikiliza mashindano, wakapewa habari za msiba.

Alizikwa Dowlish Wake, Somerset, bila kujua kama mstari wake ulikuwa sahihi. Mwaka 1875 Stanley aliingia ziwani kwa mashua yake, akalizunguka lote, akarudi mahali alipoanzia. Ziwa lilikuwa moja. Speke alikuwa amesema kweli miaka 17 kabla ya kuthibitishwa, na miaka 11 ilikuwa imepita tangu afe.

Nilipomrudia mwalimu nilimwambia kwamba Speke aliunga nukta kama mimi, ila yeye alipata na mimi nikakosa. Aliniuliza je, kupata kwake kunatosha kumpa alama zote? Nilifikiri siku mbili kabla ya kujibu.

Naona ya kuwa Speke hakubahatisha tu. Alikuwa na maneno ya wafanyabiashara waliosema ziwa ni moja na ni kubwa. Alikuwa amepima urefu wa maji. Aliuona kwa macho mto mkubwa ukitoka upande wa kaskazini, na mto kama huo hautoki katika kidimbwi. Hivi vyote vilikuwa kama vikomo: havikumwonyesha kila nukta, lakini vilimwambia grafu inaelekea wapi. Kosa lake halikuwa kuchora. Kosa lake lilikuwa kuchora kwa wino yale aliyopaswa kuyachora kwa nukta nukta, akawaambia watu kwamba kazi imekwisha kabla haijakwisha. Hata leo haijakwisha kabisa, kwa sababu ziwa lenyewe hupokea mto Kagera, na matawi ya Kagera yatoka mbali katika milima ya Rwanda na Burundi.

Tena kuna mstari wake mwingine ambao haukusahihishwa mapema, nao uliumiza watu. Katika kitabu chake Speke aliandika kwamba jamaa za wafalme wa nchi zile, Buganda, Bunyoro na Karagwe, ni wageni wa damu bora waliotoka upande wa Uhabeshi, ati kwa kuwa utawala mzuri namna ile haukuweza kuwa wa wenyeji. Hakuwa na kipimo chochote cha neno hilo. Wengine wakalichukua wakaliongeza wakati wa ukoloni, wakalifundisha Rwanda na Burundi kwamba Watutsi ni wageni na Wahutu ni wenyeji. Mwaka 1994, waliochochea mauaji ya kimbari Rwanda walitumia maneno ya namna hiyo hiyo. Sisemi kwamba Speke aliyataka hayo, wala kwamba yeye peke yake ndiye sababu. Nasema tu kwamba ziwa lilipata Stanley wa kulizunguka, lakini mstari ule ulikaa vitabuni miaka mingi bila mtu kuutia msalaba mwekundu.

Na jambo la mwisho juu yake: vitabu vya zamani husema Speke alivumbua ziwa. Wasukuma, Wakerewe, Wahaya, Waganda, Wajaluo na wengine walikuwa wakivua humo tangu kale. Kila watu walijua pwani yao. Nukta zote zilikuwapo tayari. Ila hakuna aliyekuwa amezikusanya katika karatasi moja. Hiyo ndiyo sifa ya Speke, nayo ni sifa ya kweli, wala haihitaji kuongezwa.

Sasa nirudi kwenye grafu yangu. Baadaye mwalimu alitupa kanuni iliyofichwa: y ni (x + 1) ikigawanywa kwa (x − 1). Ukitia x = 1, wagawanya kwa sifuri, na hapana jibu. Mstari wangu wa rula ulikuwa umepita pale pale x = 1 penye y = 1. Basi nilikosa mara mbili, maana pamoja na x = 1 kutokuwa na thamani, y ya kanuni hiyo haiwi 1 hata siku moja; huikaribia tu. Ningaliweza kuchagua mahali popote pa kukosea katika karatasi, nisingalipata pabaya kuliko pale.

Ndugu wanafunzi mnaojiandaa kwa mtihani wa taifa, njia ninayoifuata sasa ni hii. Kwanza nasoma vikomo kabla ya nukta, nachora kwa nukta nukta mstari wa wima ambapo grafu hukatika na mstari wa mlalo ambao grafu huukaribia. Pili naweka nukta nilizopewa. Tatu naunga nukta zilizo upande mmoja tu wa mkato, kwa mkono na si kwa rula, nikihakikisha ncha zinaelekea vikomo vinakosema. Nne najiuliza kama mstari wangu umesema jambo ambalo swali halikusema. Maana kwa nukta sita na vikomo vinne, grafu nyingi tofauti zaweza kuchorwa, na mchoro mwema ni ule usiodai zaidi ya ulichopewa.

Kila asubuhi tunapokwenda mstarini twaitazama Lupanga. Siku nyingi wingu hukaa katikati ya mlima, ukaona kilele juu na mashamba chini. Mgeni hudhani mlima wapanda moja kwa moja kutoka shambani mpaka kileleni. Wenzetu waliokwisha kupanda kwa miguu mpaka Morningside na kupita mbele yake wanajua kwamba ndani ya lile wingu kuna mabonde na vijito ambavyo kutoka hapa havionekani. Mwalimu wangu alinipa alama zangu nne, nami sikudai zaidi. Jaribio la pili ni wiki ijayo.